Hongo na Rugaruga: Maneno Mawili ya Njia ya Tabora

Mwaka 1871 msafara wa Waarabu wa Tabora uliokuwa ukienda Ujiji ulizuiwa katika nchi ya Mtemi Mirambo. Mirambo akataja hongo yake: vipipa vitano vya baruti, bunduki tano na mitumba mitano ya nguo. Wenye msafara wakaja juu. Walibishana kutwa nzima na zaidi, mwisho wakatoa. Mali ilipokwisha kupokewa, wakaambiwa wageuze warudi walikotoka. Msafara wa Mwarabu hautapita tena nchini mwake kwenda Ujiji, alisema Mirambo, ila juu ya maiti yake.

Kisa hicho kiliandikwa na Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyekuwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akitafuta namna ya kumfikia David Livingstone. Alikipata kwa wenyeji wake Waarabu, na kwao Mirambo alikuwa mnyang'anyi, hakuna zaidi. Lakini kisome tena polepole. Hata hao Waarabu hawakulalamika kwamba wamedaiwa. Walilalamikia kwanza ukubwa wa dai, kisha wakalalamikia kulipa na kunyimwa walichokilipia. Mirambo angepokea vile vipipa na kuwafungulia njia, wangemnung'unikia kama mtemi mwenye tamaa, na Stanley asingekuwa na habari ya kuandika.

Leo ukitaja hongo, msikilizaji anawaza karani, bahasha, mkono uliopita chini ya meza. Tanzania kuna taasisi nzima ya serikali, Takukuru, ya kupambana nayo. Katika karne ya 19, kwenye njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora, na kutoka Tabora kwenda Ujiji, neno hilo lilikuwa na sura nyingine kabisa. Hongo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu. Ililipwa mchana kweupe, mbele ya wapagazi wote, baada ya mazungumzo marefu ambayo yaliweza kula siku kadhaa. Ilihesabiwa kwa nguo: shuka, ambayo ni mikono minne, na doti, ambayo ni mikono minane. Nguo zenyewe ziliitwa merikani, zile nyeupe zisizotiwa rangi zilizoanza kuletwa na meli za Marekani, na kaniki, za buluu iliyokoza kutoka India. Kulikuwa na shanga, nyaya za shaba, na baadaye bunduki na baruti. Mtumba, kwa watu wa msafara, ulikuwa mzigo wa nguo zilizofungwa za kubebwa na mpagazi mmoja. Anayechagua shati kwenye mitumba ya leo anatumia neno lililokwisha kutembea kwa miguu mpaka Ziwa Tanganyika.

Katika njia hiyo, nchi waliyoichukia wasafiri ni Ugogo, iliyo kati ya pwani na Tabora. Ni nchi kavu, visima vyake vilichimbwa kwa jasho la wenyewe, na watemi wake walijua vizuri kwamba msafara wenye mamia ya watu hauwezi kupita bila maji. Richard Burton, mpelelezi Mwingereza aliyefika Tabora Novemba 1857, mahali palipoitwa Kazeh wakati huo, alijaza kurasa kwa malalamiko juu ya madai ya Wagogo. Nikizisoma huwa najiuliza Mgogo mwenye kisima angeandika nini kama naye angekuwa na mchapishaji London. Msafara ulikuwa jeshi dogo. Ulikuwa na bunduki, ulikunywa maji, ulinunua nafaka hadi ghala zikaisha, na wenye njaa waliiba mashambani. Hongo ilikuwa bei ya kuvumilia yote hayo, na pia dhamana: aliyekwisha kulipa alikuwa mgeni wa mtemi, na kumgusa kulikuwa kumgusa mtemi mwenyewe.

Tabora yenyewe ilikuwa ndani ya Unyanyembe, mojawapo ya nchi za Unyamwezi, na Unyanyembe ilikuwa na mtemi. Alipofariki Fundikira, nafasi yake ilishikwa na Mnywa Sele, ambaye wageni waliandika jina lake Manwa Sera. Huyu alitaka jambo ambalo mtawala yeyote angelitaka: wafanyabiashara waliojengewa makao na kutajirika katika nchi yake walipe ushuru wa bidhaa. Waarabu hawakukubali. Mnamo 1860 walimng'oa kwa bunduki na kumweka Mkasiwa, aliyeridhia mambo yaendelee kama yalivyokuwa.

Mnywa Sele akaingia porini na wafuasi wake. John Hanning Speke, aliyekuwa mwenzake Burton katika safari ile ya 1857, alikutana naye mwaka 1861, akiwa safarini kuelekea Tabora kwa mara ya pili. Mtemi huyo asiye na nchi alimwomba ampatanishe na Waarabu. Upatanisho haukupatikana. Kwa miaka kadhaa alivizia misafara, akizuia njia huku na kutokea kule, na katika vita hivyo akauawa Snay bin Amir, yule mfanyabiashara aliyemkaribisha Burton kwa ukarimu mkubwa pale Kazeh. Mnywa Sele mwenyewe aliuawa mwaka 1865. Katika hesabu za wafanyabiashara alikufa akiwa haramia. Ushuru uliokataliwa alipoudai akiwa kwenye kiti aliufuata porini kwa mtutu, na sioni alichobadilisha zaidi ya mahali pa kusimama.

Watu wa aina yake walihitaji wapiganaji, na wapiganaji hao ndio walioitwa rugaruga.

Wengi walikuwa vijana wasiokuwa na kwao. Kulikuwa na mateka wa vita waliokulia kambini, watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha misafara na yatima wa vijiji vilivyochomwa. Baadhi walijifunza vita kwa Wangoni, waliojulikana huko kama Watuta, waliopita magharibi ya Unyamwezi katikati ya karne ile. Mavazi yao yalikusudiwa kutisha kabla risasi haijalia: vitambaa vyekundu, manyoya kichwani, njuga, na shingoni vipande vya miili ya maadui. Walivuta bangi. Hawakulipwa mshahara, walikula walichokiteka, na mkuu wao aliwagawia. Mirambo alimweleza Stanley baadaye kwamba aliwapenda vijana wadogo kuliko watu wazima, kwa sababu wana macho makali na miguu myepesi, na kwa sababu mwenye mke na watoto huogopa kufa. Mirambo alikuwa akieleza ufundi wake tu, na mimi naliona hilo ndilo jambo la kuhuzunisha kuliko yote katika habari hizi.

Yeye mwenyewe alizaliwa mnamo 1840, mwana wa Kasanda, mtemi wa Uyowa, na jina lake lilikuwa Mtyela. Mirambo ni jina la vita, maana yake maiti. Kutoka kautemi kadogo alijenga nchi kubwa magharibi ya Tabora, na makao yake yakawa mji wa Urambo. Angalia ilipo Urambo kwenye ramani utaelewa ugomvi wote. Njia ya Ujiji na njia ya kaskazini kwenda Karagwe na Buganda zote ziliweza kuzibwa kutoka pale. Pembe za ndovu zilizokwenda Zanzibar zilipita mlangoni kwake, na faida ikabaki Tabora.

Turudi basi mwaka 1871, kwa sababu kilichofuata baada ya vile vipipa kinastahili kuangaliwa kwa karibu.

Waarabu wa Tabora walikutana, wakala, wakaapa, wakakusanya watu zaidi ya 2,000, na Stanley akaungana nao akiamini ndiyo njia fupi ya kumfikia Livingstone. Mapema Agosti waliteka boma la Zimbizo. Kisha kijana Soud bin Sayd akachukua mamia ya watu kwenda Wilyankuru, ambako Mirambo alisemekana kuwapo. Waliliteka boma hilo pia. Ndani walikuta pembe za ndovu, mitumba ya nguo na watu, na vyote wakavichukua, watu wakiwa sasa watumwa. Walipoanza kurudi kila mmoja alikuwa na mzigo. Wale waliotoka kuadhibu unyang'anyi walikuwa katika mstari mrefu, mikono imejaa mali ya wengine, bunduki zikining'inia.

Mirambo alikuwa ametoka upande wa pili wa boma wakati wao wakiingia. Rugaruga wake walilala ndani ya nyasi ndefu kando zote mbili za njia, wakausubiri mstari uingie katikati, kisha wakasimama. Ukibeba pembe ya ndovu mabegani huwezi kushika bunduki. Soud aliuawa pale na wenzake wengi, na habari ilipofika Zimbizo jeshi zima lilivunjika, kila mtu na njia yake. Stanley, mgonjwa wa homa, alitoroka nao.

Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa mji, alitoka kumkabili na watumwa wake wenye silaha. Watumwa wakamwacha, akauawa. Sehemu ya mji ikachomwa. Kule Kwihara Stanley aliuona moshi, akatoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe lake na kungoja. Mirambo hakufika. Mwezi uliofuata Stanley akazunguka kusini, akaipita vita mbali, akaingia Ujiji Novemba na kumkuta aliyemtafuta. Tembe la Kwihara, ambako yeye na Livingstone walikaa mapema 1872, limehifadhiwa hadi leo, na wageni huletwa kuliona. Ninavyodhani wengi huondoka wakimjua Livingstone na kumsahau aliyesababisha zile kuta zitobolewe.

Vita viliendelea mpaka katikati ya miaka ya 1870, na mwishowe njia ikafunguliwa, kwa maelewano kwamba Mirambo ana haki yake humo. Aprili 1876 Stanley alipita tena na wakaonana ana kwa ana. Alikuwa amejiandaa kukutana na jitu la porini. Alimkuta mtu mtulivu, mwenye sauti ya chini na adabu, wakachanjiana damu wakawa ndugu. Mwenye kusimamia uchanjaji alikuwa mnyapara wa msafara wa Stanley, aliyeitwa, kwa bahati tu, Manwa Sera. Mirambo yule yule, na Stanley yule yule. Kilichobadilika ni kwamba safari hii njia ilikuwa wazi. Mwaka 1879 mmisionari daktari Ebenezer Southon aliweka makao Urambo kwa ridhaa ya mtemi. Mwaka mmoja baadaye wapiganaji wa Mirambo waliwaua Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, huko Pimbwe, na balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, akaacha kumwona kama mtu wa kushirikiana naye. Jina la zamani likamrudia.

Kusini, katika nchi ya Wakimbu, alikuwapo mwingine, Nyungu ya Mawe, wa ukoo wa kitemi wa Unyanyembe, ambaye jina lake ni chungu cha mawe, chungu kisichovunjika. Rugaruga wake waliogopwa pengine kuliko wa Mirambo. Hata hivyo huyu, akishateka nchi, aliweka watu wake wa kukusanya pembe na kusimamia, akaacha utawala uliodumu: alipofariki Desemba 1884, mwezi ule ule aliofariki Mirambo, binti yake Mgalula alimrithi bila nchi kusambaratika. Urambo, kwa upande wake, ilififia upesi baada ya mwenyewe kuondoka. Iliyosimama ni nchi ya yule aliyeitwa jambazi kuliko mwenzake.

Na wafanyabiashara je? Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alioa katika nyumba ya Fundikira na kukaa Tabora, alijitambulisha kuwa mtu wa biashara, na pwani hakuna aliyembishia. Mashariki ya Kongo, ambako bunduki zake zilitangulia nguo zake, vijiji vilimkumbuka kwa namna nyingine. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya gavana wa Stanley Falls. Wapo waliofungwa kwa machache kuliko aliyoyafanya yeye, na wapo waliopewa cheo kwa zaidi.

Jambo hili si la Unyamwezi peke yake. Kule Ugiriki, chini ya Waturuki, wezi wa milimani waliitwa kwa neno la kwao lenye maana ya wezi, na watawala waliwaajiri wengine wa namna hiyo hiyo kulinda mapito ya milima. Mtu alihama kutoka kundi moja hadi jingine kadiri mambo yalivyokwenda. Baada ya vita vya uhuru vya 1821 lile neno la wezi likawa jina la mashujaa. Njia nyembamba yenye mali nyingi huzaa watu wa aina hii popote.

Wajerumani walipandisha bendera yao Tabora mwaka 1890. Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyemfuata Mkasiwa, hakuikubali. Aliwarudisha nyuma zaidi ya mara moja, hadi Januari 1893 boma lake lilipovunjwa na kikosi cha Tom von Prince. Isike aliingia ghalani na kujilipua kwa baruti yake.

Halafu Wajerumani wakaajiri rugaruga. Walihitaji watu wanaojua nchi, wanaokula walichokiteka na wasiodai mshahara wa askari wa kawaida. Katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, rugaruga waliandamana na askari wa serikali kusini, wakichoma maghala na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Katika Vita Kuu ya Kwanza walitumika tena, hadi Wabelgiji walipoichukua Tabora tarehe 19 Septemba 1916 na hata baadaye. Kazi ilikuwa ile ile ya siku za Mirambo: moto, ng'ombe, chakula, mateka. Lakini sasa ilifanywa chini ya bendera, na katika taarifa za serikali rugaruga hakuwa jambazi tena. Alikuwa askari wa msaada.

Hongo nayo ikapigwa marufuku kwa watemi. Mwaka 1898 Wajerumani walileta kodi ya nyumba, ambayo ilidaiwa hata kwa asiyekwenda popote. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 hakukuwa tena na mtu wa kusimamisha msafara. Kuanzia hapo malipo ya kupitishwa yalikuwa halali kwa mmoja tu, serikali, na aliyeyapokea pembeni akabaki na lile neno la zamani, likiwa limechafuka. Hivyo ndivyo ninavyoielewa safari ya hongo kutoka ushuru hadi rushwa. Jirani yake, ikulu, nyumba ya mtemi kwa Kinyamwezi na Kisukuma, ilipanda badala ya kushuka. Leo ni makao ya Rais.

Miaka ya mwanzo ya 1980 maneno haya yalipata ndugu mdogo. Vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, vilikuwa vimekwisha, silaha zimezagaa, na katika vijiji vya mipakani mwa Tabora na Shinyanga ng'ombe waliibwa usiku na watu kuuawa barabarani. Polisi walikuwa wachache, na wengine wakishukiwa kula na wezi. Wanavijiji wakaunda jeshi lao, wakajiita sungusungu, wale siafu weusi wanaotembea kwa mstari na kuuma. Kila mwanamume alitakiwa kuwa na upinde na mishale, na filimbi. Ng'ombe akiibwa, mwano, yaani ukelele wa hatari, hupigwa. Kijiji cha pili kinaupokea, cha tatu kinaupokea, na nyayo hufuatwa hadi mwisho. Asiyeitika hutozwa. Mkaidi hutengwa: hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kumzikia. Mkuu wao waliita ntemi, miaka ishirini baada ya serikali kufuta utemi.

Wizi ulipungua, hilo halina ubishi mkubwa. Lakini mikononi mwao walifia pia watu ambao hakuna mahakama iliyowasikiliza, wakiwemo wazee wa kike walioitwa wachawi. Serikali iliyumba, mara ikawasifu, mara ikawakamata, hadi sheria za mgambo ziliporekebishwa mwaka 1989 na kuwapa nafasi yao. Tangu hapo sungusungu Tanzania ni walinzi.

Jina hilo lilivuka mpaka hadi Kenya na kushika Kisii, nako lilianza kama ulinzi wa raia. Oktoba 2010 serikali ya Kenya ilitangaza orodha ya vikundi 33 vya uhalifu vilivyopigwa marufuku. Sungusungu wamo.

Ndiyo maana sipendi vitabu vinavyomtaja Mirambo kwa neno moja, liwe shujaa au jambazi. Wapagazi waliopita kwake, Wanyamwezi wenzake wengi wao, walimjua kwa yote mawili, na kabla ya kuingia nchini mwake waliuliza swali moja la maana: hongo imeshalipwa?

Kambi ya jeshi ya Tabora inaitwa Mirambo. Dar es Salaam nako amepewa mtaa, na jengo la Benki Kuu ya Tanzania jijini humo anwani yake ni namba 2, Mtaa wa Mirambo.